Saksafoni ya baba mdogo

Mdogo wangu alipinga tangu mwanzo. Kwa nini tutoe hela ya studio ya watu wakati chumbani kwangu kuna kompyuta, maiki nzuri na kiboksi cha kuingizia sauti? Akanitolea mfano wa Billie Eilish na kaka yake Finneas, waliorekodi albamu chumbani nyumbani kwao Los Angeles, na mwaka 2020 ikabeba Grammy ya albamu bora ya mwaka. Alikuwa na hoja. Nyimbo zangu zote za awali niliziingizia sauti humo humo chumbani Tandika, feni imezimwa, jasho linanitiririka, nikisubiri bodaboda zipite ndiyo nianze ubeti. Kwa mtu anayeimba karibu na maiki juu ya biti ya kompyuta, chumba kinatosha kabisa, na mpaka leo nasema hivyo.

Ila wimbo huu ulikuwa na saksafoni ya baba mdogo.

Baba mdogo alipuliza kwenye bendi enzi zile mashirika ya umma yalipokuwa na bendi zao. Tulianza kumrekodi chumbani. Nota nyingine zilivimba mpaka zikafunika gitaa langu, nyingine zikapotea kana kwamba hakuzipuliza. Tukatundika mablanketi ukutani, ikawa afadhali ya jana: ule ukali mtamu wa juu ulimezwa, mvumo wa chini ukabaki pale pale. Sababu ni vipimo vya chumba. Nota ya chini kabisa ya saksafoni ya baba mdogo, aina iitwayo tena, iko karibu na hezi 104, yaani mitetemo 104 kwa sekunde, na wimbi lake lina urefu wa mita tatu na ushee, yaani karibu sawa na chumba changu kutoka ukuta hadi ukuta. Blanketi haliliwezi wimbi la namna hiyo. Linagonga saruji, linarudi, linakutana na linalokuja. Mahali pengine yanaongezeana nguvu, pengine yanauana. Na mwangwi ukishaingia kwenye rekodi, kuutoa ni shughuli.

"Mwanangu," alisema akiifuta saksafoni, "sisi redioni hatukubanwa hivi." Akanisimulia walivyokuwa wakirekodi Radio Tanzania, Barabara ya Pugu: bendi nzima inapiga kwa mkupuo mmoja, zamu yako ya solo ikifika unasogea kwenye maiki, ukimaliza unarudi nyuma. Mmoja akikosea, wote mnaanza upya. Alivyokuwa akisimulia, mikono yake ilikuwa inabonyeza vitufe hewani. Hapo hapo nikaamua tunakwenda studio, hata kama hela yenyewe ilikuwa nusu ya kodi ya nyumba.

Hiyo ilikuwa mwaka 2021. Studio ilikuwa Kinondoni, na prodyuza alikuwa kijana mdogo kuliko mimi. Alimwamkia mzee shikamoo, akamwomba apulize tu, chochote. Baba mdogo akailowesha mdomoni ridi, kile kijiti chembamba cha kupulizia, akaanza. Yule kijana hakugusa maiki. Alimzunguka taratibu, mara ameinama, mara amesimama, sikio mbele, akitafuta sauti ilipokaa. Mimi ningeielekeza maiki kwenye ule mdomo mpana wa saksafoni. Yeye aliiweka kama mkono mmoja mbele, ikitazama katikati ya chombo, kwa sababu sauti ya saksafoni inatokea kwenye matundu yote yaliyo wazi mwilini mwake, wala si mdomoni peke yake.

Mimi nilikaa na gitaa kwenye kijichumba cha pembeni, kioo kati yetu. Hicho ndicho kitu ambacho nyumbani nisingekipata kwa namna yoyote: tunaonana, tunasikilizana kwenye hedifoni, tunapiga pamoja, lakini saksafoni haimwagikii kwenye maiki yangu. Chumbani angelazimika kupuliza juu ya sauti niliyokwisha kuirekodi, na hilo alilikataa waziwazi. "Sasa hapo najibizana na nani?"

Raundi ya kwanza baba mdogo alikuwa anakimbia mbele ya mapigo. Prodyuza akasimamisha. "Mzee, hiyo tik-tik ya kuhesabia mapigo inakusumbua?" Akaizima masikioni mwake, akaongeza gitaa langu. Tukarudia, na nikamsikia baba mdogo ninayemjua. Aliniacha nimalize mstari, ndipo akajibu. Nikavuta neno la mwisho kidogo, naye akachelewesha jibu lake kwa kiasi kile kile. Kwenye hedifoni nilisikia hadi vile vifuniko vya ngozi vikigonga matundu, na pumzi aliyoivuta kabla ya kiitikio. Prodyuza aliuliza kama aifute hiyo pumzi. Nilimkatalia.

Sauti za kuitikia tulizirekodi nyumbani, mimi na mdogo wangu, faili zikapelekwa studio kuunganishwa. Baba mdogo aliuliza tunarudi lini. Nilikuwa nimeshalipia saa nyingine, maana ana nyimbo alizotunga mwenyewe ambazo hazijawahi kurekodiwa popote.