Ndama wa bongo, Nanyuki

Jana tulipanda hadi kituo cha wanyama kilicho chini ya Mlima Kenya, Nanyuki, nikamwona ndama wa bongo. (Watu wa Dar msicheke, bongo huyu ni mnyama, aina ya swala mkubwa wa msituni!) Masikio makubwa kuliko uso, mistari myeupe mbavuni kama kachorwa kwa chaki. Mama yake anamlamba shingo, naye miguu bado inamtetemeka.

Porini inasemekana bongo hawa wa milimani hawafiki hata 100. Ndiyo maana wanaozaliwa hapa hawakusudiwi kuishia uani: kuna hifadhi ya Mawingu, iliyofunguliwa 2022, wanapozoea kujitafutia kabla ya kurudishwa msituni. Lengo la Kenya ni kufikisha 750 ifikapo 2050.

Mwanangu akapiga hesabu: "Baba, utakuwa mzee!" Nikamnyamazisha kwa mahindi ya kuchoma.