Silikoni kwenye baraza la mjomba

Asubuhi wifi kampaka mtoto mafuta ya nyonyo, nyumba nzima ikanuka mbarika, na mimi nikajikuta barazani kwa mjomba, Ngamiani, Tanga, likizo ile niliyokuja na kile kipande cha silikoni, ile ya kutengenezea chipu za kompyuta, kilichotobolewa ili kibebe dawa mwilini, kwenye kikopo cha plastiki.

Ukubwa wake haukuzidi ukucha wa dole gumba. Kilikuwa kijani cha kung'aa, kimepitiwa na mistari ya buluu iliyochorwa kwa leza. Mjomba alidhani kimepakwa rangi. Hakijapakwa chochote cha rangi. Silikoni yenyewe ni ya kijivu. Huwekwa kwenye asidi ya haidrofloriki iliyochanganywa na ethanoli, ukapitishwa umeme wa makumi ya miliampea kwa kila sentimita ya mraba, asidi ikaichimba tabaka la juu vitundu vya nanomita chache, yaani vidogo visivyoonekana kwa macho. Mwanga unaorudi kutoka juu ya tabaka hukutana na unaorudi kutoka chini yake, na unene wa tabaka, pamoja na kilichomo vitunduni, hewa au maji, ndivyo vinavyoamua rangi gani ionekane. Ethanoli husaidia viputo vya haidrojeni kubanduka. Bila hiyo huganda usoni na kuacha madoa. Chombo kiwe cha Tefloni, plastiki isiyoliwa na asidi, maana asidi hii inakula kioo. Ikigusa ngozi hupenya na kukamata kalsiamu ya mwili, kwa hiyo jeli ya kalsiamu glukoneti iwe mezani kabla chupa haijafunguliwa. Hilo halina mjadala.

Watafiti Arthur na Ingeborg Uhlir walikutana na tabaka la namna hii mwaka 1956 kwenye maabara za Bell, Marekani, wakitafuta namna ya kung'arisha silikoni. Habari za kuitumia ndani ya mwili zilikuja baadaye sana: mwaka 1995 Leigh Canham, Uingereza, alionyesha kwamba madini ya mfupa yanaweza kuota juu yake.

"Na hii hewa yetu ya chumvi?" mjomba akauliza. "Haitachujuka?"

Ingechujuka. Uso wa silikoni iliyotoka tu kuchimbwa umejaa haidrojeni, na unyevu wa Tanga ungeuoksidisha, yaani kuuunganisha na oksijeni, kidogo kidogo mpaka rangi ihame. Ndiyo maana kilikuwa kimechovywa kwenye asidi ya andesileniki, kikapashwa nyuzi 120 usiku kucha baada ya oksijeni kuondolewa. Asidi hiyo hujifunga kwenye silikoni kwa ncha moja, na ncha ya pili, inayotazama nje, ndiyo ya kufungia protini. Hupatikana kwa kupasua mafuta ya nyonyo kwa joto kali.

"Mbarika huu wa uani?"

"Huohuo, mjomba."

Leza hupita mwisho. Inaunguza ile asidi ya nyonyo na kuacha oksidi, hivyo unachagua protini ikae wapi na wapi isikae, nazo seli huifuata. Kwa kuwa vitundu havipitishi joto vizuri, nguvu ndogo inatosha. Ukizidisha, silikoni inayeyuka na vitundu vinaziba. Ukipunguza, asidi haitoki yote na mstari unakuwa na mapengo.

Nikachukua kidondoshea dawa cha mtoto, nikaweka tone moja la maji katikati. Mjomba akavaa miwani. Kwenye kijani maji yalisita, yakabaki yamevimba. Kwenye mistari yakazama. Buluu ikaanza kugeuka njano pale tone lilipogusa, kisha njano ikatambaa ndani ya mstari ikalipita tone lenyewe, huku kijani cha pembeni kikibaki vilevile. Hatukusema neno mpaka maji yakakauka na buluu ikarudi, kwanza kwenye ncha za mistari, halafu katikati.

Nikamweleza kwamba ndani ya mwili silikoni hii huyeyuka taratibu ikawa asidi ya siliki, na figo huitoa kwenye mkojo. Dawa iliyojazwa vitunduni hutoka nayo.

"Daktari atajuaje kwamba dawa imekwisha?"

Rangi, nikamwambia. Tabaka likiyeyuka, rangi inahama, kisha inapotea. Kwenye jicho watafiti wameliona hilo, maana daktari anachungulia kupitia mboni.

Mjomba akashika goti lake, lile linalomsumbua kila masika. "Na hapa atachungulia wapi?"

Nikaanza kumweleza jinsi nyama inavyotawanya mwanga, na kwamba mwanga mwekundu hupenya zaidi kidogo kuliko kijani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tena swali lilelile.