Siku Shangazi Alipoigeuza Shali ya Paisley

Nilikuwa mwanafunzi mjini Glasgow, Uskoti, wakati shangazi yangu alipokuja kunitembelea kutoka Lamu, na katika yote niliyomwandalia, safari aliyoendelea kuisimulia kwa miaka mingi ilikuwa ile ya Makumbusho na Jumba la Sanaa la mji wa Paisley. Mji huo uko magharibi ya Glasgow, mwendo mfupi tu kwa treni, na wageni wengi huupita bila kushuka. Mimi niliuchagua kwa sababu moja. Shangazi alikuwa mshonaji wa kofia za viua tangu usichana wake, na nilikuwa nimesikia kwamba jumba hilo limehifadhi mamia ya shali zilizofumwa na mafundi wa mji wenyewe katika karne ya 19. Nilitaka zionwe na mtu anayejua kazi ya mikono inavyoumiza macho na mgongo.

Ilikuwa majira ya joto, miaka michache kabla ya jumba hilo kufungwa mwaka 2018 kwa ajili ya ukarabati mkubwa. Mbele lina nguzo za mawe za mtindo wa Kiyunani, na linatazamana na barabara kuu ya mji kwa namna inayomfanya mtu apunguze sauti kabla hajaingia. Lilijengwa kwa michoro ya msanifu John Honeyman na kufunguliwa mwaka 1871, kwa fedha za Sir Peter Coats, mmoja wa ukoo uliotajirika kwa viwanda vya nyuzi za kushonea. Ndugu yake, Thomas Coats, ndiye aliyegharimia kituo cha kutazamia nyota kilichofunguliwa mwaka 1883 juu ya kilima kilicho nyuma yake. Nilipomweleza shangazi kwamba majengo hayo yote mawili yametokana na uzi, aliyatazama kwa muda, kisha akasema, "Basi hawa ni watu wetu."

Kauli hiyo ilikuwa na ukweli kuliko nilivyodhani siku ile. Uzi wa pamba wa kushonea uliowatajirisha akina Coats na wapinzani wao wa mji huohuo, akina Clark, ulizaliwa karibu sana na mitambo ya wafumaji. Mwanzoni mwa karne ya 19, vita vya Napoleon vilipozuia hariri kuingia Uingereza, akina Clark walitafuta njia ya kusokota pamba iwe laini na imara kiasi cha kuchukua nafasi ya hariri katika sehemu za mtambo zinazoinua nyuzi. Pamba hiyo ilipofaa mtamboni, ikaonekana kwamba inafaa pia kwenye sindano, na baadaye nyuzi za Paisley zikawafikia washonaji wa mabara yote.

Vyumba vya kwanza tulivipita upesi. Jumba lina michoro ya rangi ya wachoraji wa Glasgow wa mwishoni mwa karne ya 19, lina mkusanyo wa vyombo vya udongo vya mafundi wa kisasa unaohesabiwa kuwa miongoni mwa mikubwa ya Uskoti, na katika hazina yake zimo hati za Arbuthnott, vitabu vya ibada vilivyoandikwa kwa mkono katika karne ya 15, kabla kanisa la Uskoti halijajitenga na Roma. Ninaviheshimu vyote hivyo, lakini shangazi alikuwa amekwisha kuona rangi nyekundu ikichungulia kutoka chumba cha mbele, na hakuna kilichoweza kumzuia tena.

Shali zilikuwa zimetandazwa nyuma ya vioo, chini ya taa hafifu, maana mwanga mkali hula rangi. Nyingine zilikuwa kubwa kiasi cha kumfunika mtu mzima mara mbili. Nyekundu iliyokolea, kijani cha majani mabichi, buluu na rangi ya maziwa, na katika kila pembe lile umbo tunalolijua sote kwenye kanga, korosho iliyopinda shingo. Shangazi alikaribia kioo mpaka pumzi yake ikaacha ukungu.

"Mwanangu, hii si korosho ya kanga?"

Nilimweleza niliyoyasoma ukutani na niliyokuwa nimejiandalia. Umbo hilo halikuzaliwa Uskoti wala pwani yetu. Mafundi wa Kashmir, nchi ya milima kaskazini ya Bara Hindi, walikuwa wakilifuma tangu enzi za wafalme wa Mughal waliotawala huko, kwanza kama mche wa ua uliosimama wima, kisha likajaa na kuinama mpaka likawa hivi. Shali zao, zilizofumwa kwa manyoya laini ya mbuzi wa milimani, ziliwafikia mabibi wa Ulaya mwishoni mwa karne ya 18 na kuwatia wazimu wa mitindo. Shali moja nzuri ingeweza kuchukua mwaka na zaidi kumalizika, na bei yake ilikuwa ya matajiri peke yao. Hapo ndipo wafanyabiashara wa Norwich, Edinburgh na hatimaye Paisley walipoona nafasi yao. Paisley ilianza kuziiga mwanzoni mwa miaka ya 1800, ikawapita wengine wote, na kwa Waingereza umbo lile likabaki na jina la mji huu mpaka leo.

Sikuweza kulipita jambo hilo kimya, na sasa pia siwezi. Wafanyabiashara wale waliochukua michoro ya Kashmir bila kumwomba mtu idhini ndio hao hao walioitumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1842 kusajili michoro yao ili jirani asiwaibie. Daftari la usajili halikuwa na nafasi ya fundi wa Srinagar, mji mkubwa wa Kashmir. Makumbusho yanayotunza shali za Paisley yana deni la kumtaja fundi huyo kwa sauti ileile yanayomtaja mfumaji wa hapa, na nilifurahi kuona kwamba shali za Kashmir nazo zilikuwamo, zimewekwa karibu ili mtu alinganishe.

Shangazi alilinganisha, lakini hakujali sana nani aliiga nani. Alitaka kuona mgongo wa nguo. Kwa mshonaji wa kofia, upande wa ndani ndio unaosema kweli, na shali zilizo nyuma ya kioo zilionyesha uso tu.

Bahati yetu ni kwamba siku ile palikuwa na mfumaji akiwaonyesha wageni kazi kwenye mtambo wa mkono, mzee mpole mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Nilipomfasiria ombi la shangazi, alifungua droo na kutoa kipande cha shali kuukuu kilichowekwa makusudi kwa ajili ya kushikwa. Shangazi alikigeuza kabla hata hajakitazama usoni. Kwa nyuma hakikuwa na ua lolote lililo wazi. Kilikuwa na msitu wa ncha fupi za nyuzi zilizokatwa, rangi juu ya rangi.

Mzee alieleza taratibu, nami nikafasiri kwa maneno niliyoyapata. Nyuzi za urefu, yaani mtande, hufungwa mtamboni kwanza. Kisha kila mstari mmoja wa ua huhitaji mishindio kadhaa, yaani nyuzi za kukingama, mmoja kwa kila rangi, na rangi isiyotakiwa usoni huachwa ielee nyuma. Zamani mtoto alikaa kando ya mtambo akivuta kamba alizoamriwa na mfumaji, ili nyuzi zinazotakiwa ziinuke. Baadaye mtambo wa Jacquard, uliobuniwa Ufaransa, ulimwondoa mtoto huyo na kuweka kadi zilizotobolewa. Shali ilipomalizika, nyuzi zilizoelea nyuma zilikatwa, la sivyo nguo ingekuwa nzito mno mabegani.

"Zikikatwa zote hivi," shangazi akauliza, "ua linashikwa na nini?"

Mzee alitabasamu kama mtu aliyengoja swali hilo asubuhi nzima. Alichomoa sindano, akaipitisha chini ya rangi, na kuinua uzi mmoja mwembamba ambao macho yangu hayakuwa yameuona. Baada ya kila kundi la mishindio ya rangi, alisema, mfumaji alipitisha uzi huu wa kufungia, ulioitwa na watu wa mji sma' shot. Hauna rangi ya kujionyesha na hukaa chini ya maua, lakini bila huo nguo yote ingefumuka. Wafumaji walilipwa kwa idadi ya mishindio, na mabwana wenye biashara walikataa kuuhesabu uzi huu kwa sababu hauonekani. Mfumaji aliununua kwa fedha zake na kuupitisha kwa nguvu zake bila malipo. Wafumaji wa Paisley, ambao walikuwa wasomaji, watunzi wa mashairi na wabishi wa siasa, waliligombania jambo hilo kwa miaka mingi, wakiitwa mikutanoni kwa ngoma ya mtaa wa Charleston. Mwaka 1856 mabwana walikubali kuulipia. Mji huadhimisha ushindi huo, na maadhimisho hufanyika Jumamosi ya kwanza ya Julai, ngoma ikitangulia maandamano.

Nilipomaliza kufasiri, shangazi alikuwa ameketi kwenye benchi na kufungua mkoba wake. Hakusafiri popote bila kazi yake. Alitoa kofia iliyofika nusu, nyeupe, imejaa vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja mpaka viungane kuwa mchoro. Alimpa mzee, naye, bila kuambiwa, akaigeuza ndani nje. Aliitazama kwa muda mrefu, miwani ikiwa imevaliwa sasa, kisha akauliza inachukua muda gani. Shangazi akajibu kwamba ni miezi, ukiwa pia na nyumba ya kuangalia. Akauliza wanalipwaje. Akajibu kwamba wanalipwa kwa kofia, bei ya mnunuzi, na kitambaa, uzi na sindano ni vya mshonaji.

"Uzi ni wa kwake?" mzee aliniuliza mimi, kana kwamba sikufasiri sawasawa. Nilimwambia ndiyo. Akamrudishia kofia kwa mikono miwili, akasema kwamba hapa mjini walichelewa sana kuushinda ugomvi huo.

Wageni wengine walikuwa wamekusanyika. Shangazi aliombwa ashone kidogo, akashona kiua kimoja mbele yao huku mtambo umesimama. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini hatumii mashine. Alijibu kwamba mashine hutoboa, haizungushi, na nilifasiri hivyo hivyo.

Ilikuwa ni haki kwamba jambo hilo litokee katika jumba lililojengwa kwa fedha za uzi, tena lililofunguliwa wakati biashara ya shali inaanza kufa. Katika miaka ya 1870 mitindo ilibadilika, magauni yakajazwa kwa nyuma, na shali kubwa ikakosa pa kukaa. Shali zilizopigwa chapa kwa bei rahisi nazo zilikuwa zimekwisha kumdhoofisha mfumaji. Kazi zilizobaki ziliingia katika kabati za familia, na nyingi zikafika makumbushoni. Ninaamini makumbusho hayajatimiza wajibu wake yanapomwonyesha mtu uzuri wa nguo bila kumwambia nani aliununua uzi. Yale ya Paisley, siku ile, kwa kinywa cha mzee yule, yalitimiza.

Shangazi aliporudi Lamu aliwasimulia wenzake kibarazani habari za wafumaji wa Paisley, na si mara moja. Walizungumza wakakubaliana kwamba mnunuzi aliyekuwa akichukua kofia za wengi wao atakiwe kuleta uzi. Alibisha, akaondoka, akarudi baada ya mfungo alipoona hakuna aliyemwekea kofia. Uzi sasa huletwa naye. Bei ya mkono bado haijapanda, nao bado wanaidai.