Una kilo mia na zaidi? Kagua ringi ya nyuma kwanza

Ukiingia duka la baiskeli na mwili mkubwa, muuzaji atakugongea fremu: "Hii chuma tupu, haivunjiki." Kweli, haivunjiki. Kinachokufa mapema ni ringi ya nyuma, maana ukikaa kwenye kiti ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito wako.

Kwa hiyo inama uhesabu spoku, zile waya za ringi. Zikiwa 36, safi. 32 zinatosha kama zimekazwa vizuri. 28 achana nazo hata kama rangi imekupendeza. Kisha zibane mbili mbili kwa vidole, upande mmoja mmoja. Za upande wa gia hukaza kuliko za upande wa pili, hiyo ni kawaida. Kisichotakiwa ni kukuta upande huohuo moja ngumu na jirani yake imelegea. Spoku iliyolegea hujikunja na kujinyoosha kila ringi inapozunguka, mwisho inakatika pale kwenye kona, inapoingia kwenye habu, yaani kitovu cha ringi. Mpe fundi azikaze zote kabla hujaipanda, halafu mrudie baada ya kilomita 50 hivi, kwa sababu zikishakaa sawa hulegea kidogo. Zikianza kukatika mfululizo, kubadilisha moja moja ni kupoteza hela. Ringi isukwe upya kwa spoku mpya.

Ekseli nayo ina mambo yake. Kwenye baiskeli nyingi za bei nafuu, gia za nyuma hufungwa kwa kuzungushiwa kwenye habu, na gololi za upande huo zinabaki mbali na fremu. Kipande cha ekseli kinachobaki hapo katikati hakina kinachokishikilia, ndicho kinachopinda. Ukiona ringi inayumba ingawa umeshainyoosha, angalia hapo. Habu ya kaseti, ambayo gololi zake ziko karibu na fremu, ni imara zaidi, na kwenye mitumba zinapatikana ukiwa na subira. Baiskeli zenye shokapu mbele na nyuma za bei poa usiziguse: kila ukikanyaga pedeli, nguvu yako inaishia kwenye springi.

Tairi chukua pana, inchi 2.0 hadi 2.25. Mtu wa kilo 110 aanze na upepo wa psi 45 hadi 50 nyuma, 40 mbele, bila kuvuka namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Ukipata pancha ukakuta matundu mawili yamekaa sambamba kwenye tyubu, usihangaike kutafuta mwiba. Upepo ulikuwa mdogo, ringi ikabana tyubu kwenye jiwe.

Sasa milima. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na sehemu tambarare ni za kutafuta. Baiskeli ya Phoenix ya gia moja inafaa kwenye tambarare za Kyela au kule Usangu. Hapa utaikokota zaidi ya kuipanda. Tafuta yenye gia ndogo ya mbele ya meno 22 au 24, na kubwa ya nyuma ya meno 32 au 34. Kanyaga upesi kwa gia nyepesi. Kukanyaga gia nzito polepole ndiko kunakoumiza magoti, na cheni nayo inateseka.

Kiti kipandishwe mpaka kisigino kikiwa juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ila bomba la kiti lisitoke kupita alama yake ya mwisho, kwa uzito huu linapinda au linapasua fremu. Godoro la kiti lisikudanganye: kiti laini mno kinasugua mapaja.

Wiki mbili za kwanza, dakika 20 kila baada ya siku moja zinatosha. Mwenye presha au maumivu ya kifua amwone daktari kabla. Barabara kuu ya malori iache, na usianze safari kwa kuteremka: wa Iringa wanaoshuka Ipogolo kwa raha wanajua kurudi mjini kulivyo. Tena kwenye mteremko mrefu, mwili mzito hupasha breki moto. Bana kwa nguvu, achia, bana tena, ukitumia za mbele na nyuma pamoja, makalio yakiwa yamerudi nyuma. Mvua zikianza Novemba, raba za breki zikague kila wiki. Tope la huku lina mchanga, linazila haraka.