Sadaka Iliyo ya Mtoto Mwenyewe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekwama kwenye Yohana 6. Ni zamu yangu kufundisha Shule ya Jumapili, na kila nikifungua somo la mikate mitano na samaki wawili, yule mtoto ananizuia nisiendelee. Andrea, mmoja wa wanafunzi wa Yesu, anamtaja mbele ya Bwana, kisha hapo hapo anavunjika moyo: vitu hivi vitafaa nini kwa umati wote huu? Hatuambiwi jina la mtoto, wala kama aliombwa au alijitolea mwenyewe. Tunachojua ni kwamba mikate ilikuwa ya shayiri, chakula cha watu wa hali ya chini, na kwamba aliyekuwa nayo ni yeye.

Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, kwa sababu ya tunayoyafanya mlangoni pa kanisa kila Jumapili. Mzazi anachomoa mia mbili, anamtia mtoto kiganjani, "Haya, kaweke kwenye kapu." Mtoto anakwenda, anatumbukiza, anarudi kukaa. Tunasema ametoa sadaka. Ametoa nini? Amekuwa tarishi. Pesa imetoka kwa baba ikaenda madhabahuni, yeye amepita nayo tu, na pengine njiani ameitamani akanunulie barafu. Tunamlea hivyo miaka yote ya utoto, halafu akishapata kazi tunaitisha kikao kujadili kwa nini vijana wa siku hizi hawatoi zaka.

Kuna mtoto wa Kanada, Ryan Hreljac, ambaye habari zake nimezirudia mara nyingi wiki hii. Januari 1998 alikuwa na miaka 6, yuko darasa la kwanza, mwalimu wake akawaeleza kwamba Afrika kuna watoto wanaougua na kufa kwa kukosa maji safi, na kwamba kwa dola 70 kinapatikana kisima. Akaenda nyumbani kuwaomba wazazi zile dola 70. Wangeweza kumpa, yakaisha. Badala yake wakamwambia azifanyie kazi, tena kazi za ziada, si zile alizozoea. Akasafisha mazulia, akafuta madirisha. Ilimchukua miezi minne.

Zilipotimia, akazipeleka kwa shirika lililohusika na visima. Huko akaambiwa kwamba dola 70 zinatosha pampu ya mkono tu, kisima chenyewe kinafika dola 2,000.

Wapendwa, hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Wewe na mimi tungefanyaje? Mimi najijua. Ningesema nimefanya sehemu yangu, Mungu ameona moyo wangu, wengine nao wachangie. Yule mtoto alijibu tu kwamba basi atafanya kazi zaidi. Hakulalamika kwamba alidanganywa bei. Andrea alipoona kilichopo hakitoshi alianza hesabu, na sisi vikao vyetu vya ujenzi vimejaa akina Andrea. Mtoto alipoambiwa hakitoshi, alirudi kushika kitambaa. Habari zikaenea, watu wakaguswa, michango ikaja, na Januari 1999 kisima kikachimbwa katika Shule ya Msingi Angolo, kaskazini mwa Uganda. Waliokunywa yale maji ni watoto wa majirani zetu hapa.

Mfalme Daudi naye, alipotaka kumjengea Bwana madhabahu kwenye kiwanja cha Arauna, alipewa kila kitu bure akakataa. Hakutaka kumtolea Bwana kisichomgharimu. Sitaki hata kuanza kuzungumzia magunia ya nguo tunayopeleka kwa yatima, viatu vya mguu mmoja na mashati yasiyo na vifungo. Mnayajua.

Nirudi kwa wazazi, maana najua mtakaloniuliza: kwetu mtoto halipwi kwa kuosha vyombo. Ni kweli, na nisingependa alipwe. Lakini mtoto wa kwetu anavyo vilivyo vyake. Ana kuku aliyepewa na bibi. Ana daftari jipya ambalo halijaandikwa, ana hela ya andazi ya mapumziko. Na mara ngapi amekuja kutuambia, "Mama, fulani darasani hana kalamu, nimpe yangu moja?" tukamkemea, "Wewe umetumwa kuwahudumia watu? Kalamu zinaokotwa?" Tunauzima moto ambao Roho ameuwasha, halafu Jumapili tunamkabidhi mia mbili. Mwacheni atoe kalamu. Mwacheni ashinde na ile iliyobaki, na ikiisha wino kabla ya mwisho wa muhula, msikimbilie kumnunulia nyingine siku ile ile. Asikie kidogo kwamba imepungua.

Ila niwaonye, msidhani itaishia kwa mtoto. Julai 2000 Ryan alikwenda Angolo na wazazi wake, akakutana uso kwa uso na rafiki yake wa barua, Jimmy Akana. Baadaye waasi wa LRA, kundi la Joseph Kony lililokuwa likiteka watoto kaskazini mwa Uganda, walimteka Jimmy, akawatoroka, na familia ile ya Kanada haikusema kwamba sasa mambo yamekuwa makubwa mno. Walihangaika na taratibu mpaka mwaka 2003 Jimmy akafika nchini kwao, wakamlea kama mmoja wa watoto wao. Baba na mama waliomwambia mwanao akazifanyie kazi dola 70 walijikuta wanalea mtoto mwingine.

Kwa hiyo tunapowaombea watoto wetu moyo wa kutoa, na tuombe kweli, baba na mama waketi kwanza waulizane kama wako tayari Mungu awajibu. Mtoto akishatoa vilivyo vyake vikaisha, atakuja kuuliza vya kwenu.