Fashifashi za pauni 46

Bustani yetu ya nyuma hapa Leicester ina urefu wa mita 14, kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye uzio. Tuliipima kwa tepu ya fundi, mume wangu kashika ncha moja, mimi nyingine, na mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, kasimama dirishani anatuuliza kama tunauza kiwanja. Tulikuwa tunajiandaa kununua fashifashi, yaani fataki, za siku ya kuzaliwa ya mtoto.

Mtoto wetu wa kwanza kazaliwa tarehe 8 Novemba, na kwa nchi hii hiyo ni bahati. Tarehe 5 ndio usiku wao wa kuwasha mioto, kukumbuka njama ya mwaka 1605 ya kulilipua Bunge kwa baruti, na kuanzia magharibi ni milio mtindo mmoja. Maduka ya kawaida yanaruhusiwa kuuza fataki za msimu huo kuanzia tarehe 15 Oktoba mpaka 10 Novemba. Sasa fikiria mwenye duka anaamka tarehe 6, mzigo bado upo na siku zinamwishia. Hapo ndipo vibao vya bei nusu vinapotundikwa. Mimi nawafikisha watoto shule, halafu nanyoosha moja kwa moja dukani.

Hiyo bei nusu ndiyo iliyoniponza mwaka juzi. Nilikuta boksi kubwa kama ndoo ya lita ishirini, limeshushwa kutoka pauni 60 hadi 30, nikalikumbatia mpaka kwenye gari. Nyumbani mume wangu akaligeuza, akasoma ubavuni: F3, watazamaji wakae umbali wa mita 25. Mita 25! Watazamaji wangekaa sebuleni kwa jirani. Nikalirudisha dukani, nikaambiwa fataki ikishatoka mlangoni hairudi. Basi likaenda kwa shemeji yangu, ambaye ana rafiki mwenye shamba huko nje ya mji. Nasikia zilipendeza sana. Nasikia.

Ile herufi F na namba yake ndicho kitu cha kwanza cha kusoma, kabla ya bei. F1 ni vile vidogo kabisa. F2 ni za bustani, na watazamaji wanakaa mita 8 au zaidi. F3 ni hizo za mita 25. F4 hata usiulize, ni za wataalamu. Kwa mita zangu 14, ukitoa nafasi ya kusimama watu na meza ya chakula, mimi ni mtu wa F2 tu. Roketi sinunui kabisa. Hata ikiruhusiwa, kile kijiti lazima kidondoke mahali, na hapa kwetu mahali penyewe ni paa la mtu.

Mwaka wa kwanza kabisa tulinunua lile boksi la mchanganyiko, limechorwa joka na nyota, ndani vipande zaidi ya thelathini. Vingi vilikuwa vinafuka moshi, vinatema cheche za rangi ya chungwa, kwisha. Kaka zangu kule kwetu Ngamiani, Tanga, walikuwa wanafanya makubwa zaidi siku ya Idi kwa spoku ya baiskeli, msumari na unga wa vichwa vya kiberiti.

Aliyenifungua macho ni mzee jirani yetu, Mhindi wa Kampala. Yeye ni miongoni mwa wale waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Hupenda kukumbusha kwamba halmashauri ya jiji hili ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije Leicester, na yeye ndipo alipopata anuani ya kuja. Kila Diwali anawasha fataki za wajukuu wake, kwa hiyo ana uzoefu wa miaka. Aliliona boksi letu tupu kwenye pipa, akatikisa kichwa. "Mama, wewe nunua baruti. Hapana nunua karatasi."

Akanionyesha pa kutazama. Kwenye lebo, kwa maandishi madogo, kuna herufi NEC na gramu mbele yake. Hiyo ndiyo baruti yenyewe iliyomo ndani. Namba kubwa iliyoandikwa mbele, mipigo 100, mipigo 150, yaani boksi litafyatua mara ngapi, ni ya kukuvutia macho. Mipigo mia inaweza kuwa mirija myembamba kama kalamu, inalia pa-pa-pa kama bisi halafu kimya. Safari hii nilisimama dukani na simu yangu, nikigawanya bei kwa gramu. Boksi la mipigo 100 lilikuwa pauni 18 kwa gramu 140. Pembeni yake lingine la mipigo 25 tu, pauni 16, gramu 310. Kijana wa dukani alinisogelea kunisifia lile la mia. Nikamwambia asante.

Nikachukua hilo la 25, na jingine dogo la pauni 14 lililoandikwa kwamba halina kelele nyingi, kwa sababu ya mbwa wa nyumba ya pili. Nikachukua na mbili za kumwaga cheche kama bomba lililopasuka, pauni 12 zote mbili, na pakiti mbili za vijiti vya cheche kwa pauni 4. Jumla 46. Mama alipiga hesabu za shilingi kichwani, akakaa kwenye kiti. "Mwanangu, laki na ushee mnaichoma?"

Novemba huku ina wema wake mmoja: saa kumi na nusu jua limeshazama, saa kumi na mbili ni giza totoro. Sheria inakataza kuwasha baada ya saa tano usiku, ila sisi saa moja na nusu tulikuwa tumeshamaliza na tunakula pilau. Mume wangu alichimba shimo, akayazika yale maboksi nusu kwenye udongo yasipinduke, akaandaa ndoo ya maji na tochi. Niliwagongea majirani tangu Alhamisi.

Vijiti vya cheche ndivyo vinavyodharauliwa, eti vya watoto. Moto wake unaweza kufika nyuzi 2,000. Kila mtu alivaa glavu, na kijiti kikizima kinaingia kwenye ndoo hapo hapo. Mtoto wa wifi yangu ana miaka mitatu, yeye tulimpa tochi ya simu, akaona kapendelewa.

Bomba moja la cheche halikuwaka. Shemeji akaanza kuinuka kwenda kulichungulia, mama akampigia ukelele ambao nadhani ulisikika Tanga. Tukaliacha pale pale mpaka baada ya chakula, kisha likamwagiwa maji ndoo nzima. Lile la gramu 310 lakini! Dhahabu ikapanda, ikakaa juu, ikashuka taratibu kama matawi ya mnazi. Mzee wa Kampala alikuwa uzioni na kikombe chake. "Baruti hiyo, dada," akamwambia mama. "Naona, kaka," mama akajibu, hajaondoa macho juu.

Wiki iliyofuata, siku ya kufunga mizigo, nilikuta pakiti ya vijiti vya cheche imeviringishwa ndani ya kanga, katikati ya sanduku. Za wajukuu wa Tanga. Nikamweleza kwamba fataki haziingii ndegeni, si sandukuni si mkononi. Akasema sawa. Nilipofungua tena jioni kuongeza majani ya chai, zilikuwa zimehamia ndani ya kiatu.