Nilivyofukua matabaka ya zamani kwa mshumaa

Nilipotaka kuchora kumbukumbu zangu, niliambiwa kumbukumbu ni ukungu, kwa hiyo changanya rangi zikiwa mbichi. Nikatii. Chungwa na bluu zikikutana mbichi hazitoi ukungu, zinatoa tope, tena tope la mwaloni Kirumba, ufukweni mwa ziwa hapa Mwanza, siku ya mvua.

Nilitaka mimi wa zamani aonekane chini ya mimi wa leo. Basi rangi ya zamani ifukiwe ikiwa kavu, kisha ifukuliwe.

Fremu ni sentimita 60 kwa 90, kitambaa cha marekani kimewambwa, kikapigwa mikono mitatu ya rangi ya msingi: gundi nyeupe ya mbao kipimo 1, maji 1, rangi nyeupe ya maji ya ukutani 2. Kila mkono ukikauka, msasa namba 220.

Mjuzi mwingine akanishauri tabaka la chini liwe rangi ya mitumbwi, ile ya mafuta, eti inadumu. Inadumu kweli, ila akriliki, yaani rangi ya maji inayokauka kama plastiki, ilibanduka juu yake kama ganda la kiazi kilichochemshwa, vipande vya ukubwa wa kiganja. Rangi ya mafuta hukaa juu ya akriliki. Akriliki haikai juu ya mafuta.

Lakini ubaya huohuo wa kubanduka ndio ulionipa ujanja. Nilipiga akriliki ya chungwa, utoto huo, ikakauka. Nikasugua mshumaa mweupe pale tu nilipotaka chungwa lirudi. Nta haionekani ukiitazama moja kwa moja; inamisha kitambaa kuelekea dirishani, itang'aa. Juu yake bluu. Ikauke kabisa, ukikwangua mapema inapakaa tu. Asubuhi hewa ya ziwa ni nzito, nusu saa ya kukauka inakuwa saa nzima, hivyo nilianza saa tano.

Kwangua kwa ukingo wa kijiko, si kisu. Kisu kinachana marekani. Bluu iliyokalia nta inatoka, chungwa linachungulia. Nta iliyobaki ifute kwa tapentaini kidogo kwenye kitambaa, la sivyo tabaka lijalo litabanduka hapohapo. Thina hapana, inakula akriliki. Kisha mshumaa tena juu ya bluu, na tabaka la tatu.

Gharama ilikuwa kama shilingi 30,000 na kitu, fremu nilikuwa nayo.

Tabaka la tatu ni kijivu cha mawe ya Mwanza, na sikukinunua. Ni lile tope la chungwa na bluu, nimeliongeza nyeupe.